Narnia: namba 1 siyo ya kuanzia
Ukinunua vitabu vya mtumba vya Narnia, hadithi saba za watoto za C. S. Lewis kuhusu nchi ya kubuni, hapa Mtwara, kimoja kimoja kadiri vinavyopatikana, usiiamini namba ya mgongoni mwa kitabu. Matoleo mengi ya sasa yameipa The Magician's Nephew namba 1, ilhali C. S. Lewis aliitoa mwaka 1955, ya sita kati ya saba. Humo ndimo inamoelezwa asili ya kabati la kuingilia Narnia na ile taa ya barabarani iliyoota porini. Ukianza nacho, The Lion, the Witch and the Wardrobe (1950) kinabaki bila fumbo. Anza na hicho cha 1950. The Horse and His Boy karibu kinajitegemea, kichukue hata kikiwa peke yake. The Last Battle? Kiweke kabatini mpaka umalize sita vingine. Mwaka wa kwanza kuchapishwa utafute kwenye ukurasa wa hakimiliki, kama haujanyofolewa.