Mashine ya kukaushia chakula: nyota 4 kwa mkate usiopikwa

Nina miezi mitatu nayo hapa Dar, na naipenda kwa dhati. Trei 5, feni iko nyuma, kwa hiyo trei ya chini hukauka sawa na ya juu. Mkate wangu, unaokaushwa kwa joto dogo bila kuokwa: vitunguu maji viwili, kikombe cha mbegu za alizeti na kikombe cha mbegu za kitani, vyote vimesagwa, mafuta ya zeituni, chumvi. Nautandaza unene wa nusu sentimita, nyuzijoto 42, kwa muda wa saa 8, naugeuza, kisha saa 5 nyingine. Kitani usikipunguze, ndicho kinachoshikanisha. Nyota moja nimeikata kwa kukosa kipima muda. Haijizimi yenyewe, kwa hiyo naamka usiku kuugeuza mkate. Wakati wa masika mkate hulainika upesi, uweke kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana.