Nimelipia kusikia mota, nikakalishwa behewa lisilo na mota

Nilisema nisubiri hasira zipoe ndipo niandike. Miezi imepita, hazijapoa.

Nililipia ziara ya treni hapa Tokyo, yeni 12,000, ya "wapenzi wa sauti za treni". Mimi ni mmoja wao tangu siku niliyopanda Mchongoko, treni yetu ya umeme ya SGR, kwenda Morogoro, gazeti likabaki mapajani, masikio yote yako chini ya sakafu. Mke wangu anauita ugonjwa. Haya, ni ugonjwa, na mgonjwa alilipia dawa.

Tulikuwa wageni wanne. Kijana aliyetuongoza alitupokea kituo cha Shinagawa, tukapanda njia ya Yamanote, ile ya mduara, treni aina ya E235. Akatukalisha, akaanza somo: inveta za siku hizi, yaani vifaa vinavyozilisha mota umeme, hutumia malighafi iitwayo silikoni kabaidi, zinakata na kuunga umeme haraka mno kuliko za zamani, ndiyo maana treni inaondoka kwa mnong'ono. Kweli tupu. Nikatega sikio nisikie huo mnong'ono. Magurudumu nayasikia, kiyoyozi nakisikia, mota hakuna. Nikaanza kuyalaumu masikio yangu.

Kituo cha pili nikainua macho kwenye namba ya behewa, ukutani pale mwishoni. Saha! Mpenda treni za Japani huzijua herufi hizi hata kabla hajajua kuomba maji kwa Kijapani: "mo" ni behewa lenye mota, "ku" lina chumba cha dereva, "sa" halina hiki wala kile, linakokotwa tu kama mkokoteni. "Ha" ni daraja la kawaida. Treni ya Yamanote ina mabehewa 11, na 6 kati yake yana mota. Sita! Mtu anayejiita mtaalamu ameyapita yote hayo akaenda kutuketisha kwenye mkokoteni.

Nikamwambia taratibu, samahani, hapa tumekaa Saha. Akatabasamu. Akasema kwa mgeni tofauti haisikiki.

Kwa mgeni.

Tangazo lao lina picha ya treni nyekundu ya kampuni ya reli ya Keikyu, zile zilizokuwa na inveta za Siemens zilizopanda noti za muziki, do re mi, kila zikiondoka kituoni. Najua ya mwisho iliacha kuimba 2021, kwa hiyo hilo sikulidai. Ila yeye akatoa simu akatuchezea rekodi yake, kwa sauti, ndani ya treni ambamo abiria wanaombwa kila siku wanyamazishe simu zao. Mama mmoja akageuka akatutazama mpaka rekodi ikaisha. Nikatamani sakafu ipasuke inimeze, ingawa chini yake hapakuwa na hata mota ya kunipokea.

Nyota moja, na hiyo ni ya usafi wa kiti.

Lakini nisimdhulumu. Tulipoagana sikushuka. Nikahamia behewa lililoandikwa Moha, nikasimama katikati, nikazunguka mduara mzima peke yangu, kilomita 34.5, kama saa moja. Treni ikaondoka, na chini ya nyayo kikaja kiuzi chembamba cha sauti, kikapanda, kikapanda, kikayeyuka. Breki zilipoanza kiuzi kile kikarudi kikishuka: mota zimegeuka jenereta, zinarudisha umeme kwenye waya. Nililijua hilo kwa sababu kijana yule alilieleza vizuri sana, tena kwa mikono, kama fundi anayemfundisha mwanafunzi wake. Kusema haki, sijapata kusikia mtu akilieleza vizuri hivyo. Basi nyota mbili. Tatu, maana ziara yake ndiyo iliyonipandisha treni ile.

Nimesoma tena nilichoandika, nikafika pale kwenye "mgeni". Nimefuta tatu. Ibaki moja.