Walinirudishia jenereta inayowaka na trela lisilo na jina

Nilipoanza kuandika maoni haya nilikuwa nimekusudia kuwapa mafundi wa karakana iliyonirejeshea trela langu la zamani la jeshi nyota moja, na hiyo moja kwa sababu tu sifuri haikubaliki. Nimeshafuta na kuandika upya mara tatu. Kila nikikumbuka chumba cha mbele cha karakana ile, damu inachemka. Kila nikikumbuka chumba cha nyuma, mkono unalegea. Msomaji anisamehe basi akiona hukumu yangu inayumba njiani.

Habari za volti na kilowati sitazieleza, maana ziko katika kila kitabu cha mwongozo. Inatosha kusema kwamba nilipeleka trela aina ya K-52 lenye jenereta ya PE-95 mgongoni, mtambo unaozungushwa na injini ya Willys. Matrela ya aina hii yalivutwa na magari ya redio ya SCR-299, yale yaliyoshuka na majeshi ya Marekani kaskazini mwa Afrika mwezi Novemba 1942, na bila jenereta hiyo nyuma yake gari la redio lilikuwa sanduku la chuma lisilosema neno. Kama trela langu lilifika huko au lilimaliza vita likiwa ghalani, mashahidi walikuwa wawili tu: kibati cha utambulisho kilichopigiliwa ribiti ubavuni, na namba iliyolala chini ya rangi.

Hiyo namba niliitafuta mwenyewe kwa majuma mengi. Anayerejesha vifaa vya jeshi anajua kwamba rangi ya juu ni ya mtu wa mwisho, na ya chini ndiyo ya mwenye mali wa kwanza. Nilichukua msasa laini, nikaulowesha maji yenye sabuni kidogo, nikasugua kwa duara ndogo ndogo, nikipita rangi ya kijivu ya mkulima fulani, nikapita buluu ambayo hata sijui nani aliipenda, mpaka nikafika kwenye kijani cha jeshi kilichopauka. Hapo ndipo weupe ulipoanza kuchomoza. Kwanza niliona mkia wa herufi, kisha "USA" nzima, kisha sifuri, kisha nne. Nikaacha. Nilitaka tarakimu zilizobaki nizifunue polepole, baada ya kazi nzito ya chesi, yaani fremu ya chini ya trela, kukamilika, kama mtu anavyobakiza nyama mwisho wa sahani.

Chesi yenyewe ilikuwa imeliwa na kutu, na ekseli pia, na kwa vyuma vinene kama hivyo mchanga unaopulizwa kwa kompresa ni dawa nzuri. Sina ugomvi na mchanga. Bati jembamba la ubavuni ni jambo jingine, kwa sababu punje zikiligonga zinatanua uso wake, linajikunja na kufanya mawimbi yasiyonyooka tena, na rangi za zamani mara nyingi zina madini ya risasi, kwa hiyo vumbi lake ni sumu kwa yule anayeshika bomba. Haya yote niliyaandika. Niliyaandika kwa herufi kubwa katika karatasi, nikaifunga kwenye mkono wa kuvutia trela: jenereta itolewe kwanza, kibati king'olewe kwa mkono, ubavu wa kushoto usiguswe. Msimamizi aliisoma mbele yangu. Akasema, "Usijali mzee, tunajua kazi yetu."

Tangu siku ile nikisikia neno "usijali" tumbo linanikata.

Niliporudi, trela lilikuwa limesimama uani likiwa na rangi ya praima kutoka mwanzo hadi mwisho, linang'aa kama sufuria mpya. Nilizunguka upande wa kushoto nikiwa tayari nimejua. Hapakuwa na kijivu, hapakuwa na buluu, hapakuwa na kijani, na ile "USA" yangu ilikuwa imelala chini kwenye rundo la vumbi, imechanganyika na kutu ya ekseli. Bati lilikuwa limejikunja katikati. Nikapeleka mkono kwenye kibati. Kilikuwepo mahali pake, ribiti zake nne zote zipo, nacho kimekuwa laini kama mgongo wa kijiko.

Nikaingia ndani. Msimamizi alikuwa ameketi, simu mkononi, na hakuinua kichwa.

"Kibati cha trela langu kimefanywa nini?"

"Si kipo pale pale?"

"Maandishi yake hayapo."

"Mzee, hicho ni kibati tu. Tutakuchapishia kingine, kipya, tena kitang'aa kuliko kile."

Nikamweleza kwamba kibati kipya kinachapishwa popote na kwa yeyote, na kwamba trela lenye kibati cha kubuni ni sawa na mtu mwenye cheti cha kuzaliwa alichojiandikia mwenyewe. Ndipo akainua kichwa, akanitazama kwa uchovu wa mtu anayezungumza na mtoto, akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo: "Sasa wewe unataka trela au unataka makaratasi?" Vijana wawili waliokuwa wakikunja turubai mlangoni wakacheka. Hakuna aliyesema samahani. Neno hilo moja lingeniondolea nusu ya hasira, na ningekuwa ninaandika maoni tofauti kabisa.

Lakini kulikuwa na la pili. Jenereta ilikuwa bado mahali pake. Walikuwa wameifunika gunia na kuendelea kupiga mchanga pande zote, kana kwamba gunia ni ukuta. Nikashika mpini wa injini nikaizungusha taratibu kwa mkono, na kutoka ndani ya jenereta ikatoka sauti ya mtu anayetafuna chumvi ya mawe. Jenereta ya namna hii hupoza koili zake kwa kuvuta hewa kupitia matundu yake, na mahali hewa inapopita, mchanga haukosi njia. Nikazungusha tena ili vijana wale wasikie. Mmoja akasema nitie mafuta, niwashe, utatoka wenyewe.

"Usiiwashe!"

Sauti ilitoka chumba cha nyuma. Alitokea mzee mmoja mwembamba akifuta mikono kwa kitambaa, na kwa kuwa alinizidi umri waziwazi nikamwambia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama mimi, macho yake yako kwenye mashine. Akainama, akaweka sikio kwenye kifuniko cha nyuma, akaniashiria nizungushe. Nikazungusha robo mzunguko. Akafumba macho. "Uko kwenye koili na uko kwenye brashi za kaboni," akasema. "Ukiiwasha, ile pamba ya zamani inayofunika nyaya itachanika yote. Niachie mimi. Na wewe uje uone ninavyoifungua, usije ukasema tena tumekufanyia gizani."

Basi nilikwenda, mara nne au tano, na ninakiri kwamba kwa siku zile nilisahau kuwa nina ugomvi na mtu. Aliivuta rota, ile sehemu inayozunguka, nje kwa mikono miwili kama mkunga. Hakutumia hewa ya kompresa kupuliza mchanga, kwa sababu hewa kali huusukuma ndani zaidi katikati ya nyaya. Alitumia brashi ya nywele na bomba la kunyonyea vumbi, pengo moja baada ya jingine, na kila alipomaliza upande mmoja alimimina punje kwenye kifuniko cha kopo ili zihesabiwe na macho yangu. Alipima insulesheni ya koili, yaani jinsi kinga ya nyaya inavyozuia umeme kuvuja, kabla ya kuosha, tukapata megaomu 0.4. Kanuni ya mafundi kwa koili za zamani ni megaomu 1, na 1 zaidi kwa kila volti 1,000, kwa hiyo tulikuwa chini ya mstari. Akaosha, akaweka kwenye tanuri la moto mdogo usiku kucha, maana pamba na vanishi za miaka ile zikiunguzwa hazirudi, na asubuhi mita ikasoma zaidi ya 30. Ndipo akatia vanishi mpya.

Kilichonimaliza kabisa ni komuteta, ile pete ya shaba ambayo brashi hukaa juu yake, ya eksaita, yaani jenereta ndogo inayoilisha kubwa sumaku. Kati ya vipande vyake vya shaba kuna vipande vyembamba vya mika, madini yasiyopitisha umeme, na shaba ikilika mika hubaki juu, brashi zikaanza kurukaruka na kutoa cheche. Mzee yule alichukua kipande cha msumeno wa chuma kilichovunjika, alichokinoa ubavu mwenyewe, akakwangua nacho mika kati ya shaba na shaba, mstari baada ya mstari, bila kuikwaruza shaba hata mara moja. Kisha akazikalisha brashi mpya kwa msasa wa kawaida, huku akinionya nisije nikatumia ule mweusi wa chuma, kwa sababu chembe zake hupitisha umeme na hubaki humo zikifanya fitina.

Siku ya kuwasha, injini ilikubali lakini sindano ya mita haikunyanyuka. Moyo ukanianguka. Yeye hata hakusimama alipokuwa ameketi; aliniambia nizime, nilete betri ndogo, akagusisha nyaya mbili kwenye fildi, yaani koili za sumaku, ya eksaita kwa muda wa kupepesa jicho, chanya kwa chanya, akaziondoa. Jenereta iliyokaa miaka mingi bila kuzunguka husahau sumaku yake, na inabidi ikumbushwe. Tukawasha tena. Sindano ikapanda kama mtu anayeamka usingizini, na balbu tulizofunga kwa majaribio zikawaka, zikafifia, zikawaka, zikafifia, kwa sababu gavana, kirekebishi cha kasi ya injini, ilikuwa inaitafuta kasi bila kuipata. Akalegeza nati moja ya springi, akaikaza kidogo, akaikaza kidogo tena. Mwanga ukatulia. Hapo nilitamani kutoa nyota tano, na kama ningekuwa na sita ningezitoa.

Ningeishia hapo kama nisingekwenda kulipa.

Katika orodha ya gharama, chini ya rangi na chini ya beringi, kulikuwa na mstari ulioandikwa hivi: "Kuondoa mchanga kwenye jenereta." Nilisoma mara mbili nikidhani macho yamechoka. Mchanga wao, kompresa yao, gunia lao, na mimi ndiye ninayeulipia kutoka! Nikamwonyesha msimamizi. Akasema, "Kazi ni kazi, mzee, fundi amekaa nayo wiki mbili." Nami, kwa aibu yangu, sikuweza kubishana, kwa sababu wiki mbili zile zilikuwa za kweli, nilizishuhudia, na niliogopa kwamba nikikataa mstari ule ni mzee wa chumba cha nyuma atakayekatwa. Nikalipa. Mpaka leo sijui kama nililipa deni au nililipa ujinga.

Kwa hiyo nyota ni ngapi? Nikiandika mbili nitamdhulumu fundi ambaye hana mfano. Nikiandika nne nitawadanganya wenzangu wenye matrela ambayo bado yana rangi yake ya kwanza. Nimeandika tatu, kisha nikaiangalia ile tatu nikaona ni namba ya mtu mwoga, nikairudisha kuwa mbili.

Kibati nilikileta nyumbani. Maandishi yake yalikuwa yamechongwa kwa dawa, juu juu tu, na hayo yamekwenda; lakini namba ya mfululizo iligongwa kwa nyundo, tarakimu moja moja, na nyundo huingia ndani kuliko mchanga unavyofika. Nilipaka chaki, nikafuta kwa kidole, nikaelekeza taa kutoka upande. Zimebaki tarakimu tatu. Ya mwisho ni tatu au ni nane, inategemea taa inatoka wapi.

Bado nina trela la pili, la karakana ya shambani, lenye mashine ya kukerezea na droo za zana ambazo ndani yake askari fulani alichora kwa brashi umbo la kila spana ili ajue ipi haijarudishwa. Mota ya mashine ile imeungua. Nilimpigia simu mzee wa koili, nikamweleza, nikamuuliza kama nilete.

"Lete mota peke yake," akasema. "Trela liache nyumbani."