Kupima roho mbaya mtandaoni: jaribio lipi ulifanye, lipi uachane nalo

Majaribio ya "una roho mbaya kiasi gani" yamejaa mtandaoni, na mengi hayapimi chochote. Hapa tunaangalia matatu ambayo hesabu yake inaeleweka, kisha kundi la yale yanayozunguka sana kwenye WhatsApp na Facebook. Mwenye haraka ashike hili: la utatu wa giza (Short Dark Triad) lenye kauli 27 ndilo bora. La Rice (Rice Purity Test) ni la kuchangamsha kikundi cha watu wazima. Lolote linalokutaka uingie kwa akaunti ya Facebook ndipo likupe jibu, lifunge.

Rice Purity Test ndilo maarufu kuliko yote. Asili yake ni Chuo Kikuu cha Rice kilichoko Houston, Texas, ambako mwaka 1924 gazeti la wanafunzi, The Rice Thresher, lilichapisha maswali ya kwanza ya namna hii, na walioulizwa walikuwa wanafunzi wa kike. Toleo la sasa lina vipengele 100. Unatia tiki kwenye kila jambo ulilowahi kulifanya, kuanzia kushikana mikono na mpenzi hadi kupatikana na hatia mahakamani, kisha unabofya kitufe. Alama yako ni 100 ukitoa idadi ya tiki, kwa hiyo mwenye tiki 23 anapata 77. Alama kubwa maana yake ni usafi, na wengi huisoma kinyume. Utakutana pia na kifupisho MPS kila mahali: ni mtu wa jinsia inayokuvutia, na asiyejua hilo huruka maswali mengi na kutoka na alama ya juu isiyo yake.

Kwa kupima uovu, hata hivyo, jaribio hili ni dhaifu. Kila tiki ina uzito uleule, busu moja likihesabiwa sawa na kosa la jinai. Sehemu kubwa ya maswali ni mapenzi, ngono, pombe na dawa za kulevya. Dhuluma, fitina, husuda na kumnyima mtu haki yake, yaani yale hasa tunayoyaita roho mbaya, karibu hayaguswi. Tena alama haipandi kamwe, kwa kuwa inahesabu maisha yote, hivyo kijana wa miaka 19 na mtu wa miaka 45 hawalinganishiki. Likifanywa kikundini, kila mtu ajaze kwenye simu yake na ataje namba tu. Watoto wasiwepo.

Short Dark Triad, kwa kifupi SD3, ni kitu kingine kabisa. Wanasaikolojia Delroy Paulhus na Kevin Williams ndio walioipa jina dhana ya utatu wa giza mwaka 2002: hila, majivuno na ukavu wa moyo. Mwaka 2014 Daniel Jones na Paulhus wakatoa kipimo hiki kifupi, na kinapatikana bure kwenye tovuti ya Open-Source Psychometrics Project bila kujisajili. Kila tabia ina kauli tisa, na kila kauli unaipa 1 hadi 5, kuanzia kukataa kabisa hadi kukubali kabisa.

Uzuri wake ni kwamba unaweza kuikagua hesabu kwa kalamu. Jumlisha majibu tisa ya tabia moja, gawa kwa 9. Kauli tano zimegeuzwa makusudi, tatu kwenye majivuno na mbili kwenye ukavu wa moyo, kwa mfano ile ya kuepuka mambo ya hatari. Kwenye hizo, toa jibu lako kutoka 6 kabla ya kujumlisha: ukijibu 4, andika 2. Ukisahau hatua hiyo, mtu mwoga na mpole ataonekana katili.

Yanayoharibu matokeo ni mawili. La kwanza ni kujaza 3 kila mahali kwa kusitasita. Wastani unaganda katikati na huambiwi kitu. La pili ni kusoma vibaya nafasi unayopewa ukilinganishwa na wengine. Nafasi ya 80 haimaanishi wewe ni mwovu kwa asilimia 80. Maana yake umewapita 80 kati ya 100 ya waliolifanya jaribio hilo, nao ni watu waliojitafutia wenyewe kipimo cha uovu, si majirani zako. Halafu majivuno yasikutie hofu yakisimama peke yake. Kauli zake zinahusu kupenda kuongoza na kujulikana, na mwimbaji au mwanasiasa anaweza kupata alama kubwa bila kumdhuru mtu. Hila na ukavu wa moyo vikipanda pamoja, hapo ndipo pa kutazama.

Anayetaka kwenda mbali zaidi ajaribu kipimo cha D, yaani kiini cha giza cha tabia, cha wanasaikolojia Morten Moshagen, Benjamin Hilbig na Ingo Zettler, waliotangaza nadharia yao mwaka 2018. Kina matoleo ya kauli 16, 35 na 70. Kinatafuta mzizi mmoja: kujitanguliza hata mwenzako akiumia, na kuwa na sababu za kujihalalishia. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo tafsiri ya uovu iliyo karibu zaidi na maisha. Chukua la 70 ukiwa umetulia.

Sasa yale ya WhatsApp na Facebook, ya kuchagua picha na rangi. Kila jibu limefungwa kwenye tokeo fulani, na tokeo lililokusanya majibu mengi ndilo linalotoka. Yanayoomba jina tu yajaribu hivi: andika jina lilelile mara mbili. Jibu likibadilika, ni bahati nasibu. Lisipobadilika, badilisha herufi moja. Asilimia ikiruka kutoka 12 hadi 91, zilizopimwa ni herufi. Yanaaminika kwa sababu maelezo yake yanamfaa kila mtu. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi 39 maelezo yaleyale, kila mmoja akidhani ni yake, nao wakayapa wastani wa 4.26 kati ya 5 kwa usahihi.

Hatari iko kwenye taarifa unazotoa. Programu ya maswali ya tabia iliyoitwa thisisyourdigitallife ndiyo iliyoipatia Cambridge Analytica, kampuni ya ushauri wa kisiasa, data za watumiaji wa Facebook wanaofikia milioni 87, wengi wao wakiwa marafiki tu wa walioijaza. Usijibu swali la mwaka wa kuzaliwa, hasa kama ndio namba yako ya siri ya M-Pesa, wala la shule ya kwanza au jina la mama. Kama uliwahi kuingia kwa Facebook, fungua mipangilio, tafuta sehemu ya programu na tovuti, uondoe kila usiyoitambua. Hiyo inazuia taarifa mpya tu. Zilizokwisha kuchukuliwa itabidi umwandikie mwenye programu azifute.