Uzoefu wangu na PHREEQC: kupiga hesabu za hewa ya ukaa kwenye maji chumvi

Kama unafanya jiokemia (kemia ya miamba na maji yake) na huna fedha za leseni, pakua PHREEQC leo hii, programu ya kompyuta ya kuhesabu kemia ya maji. Idara ya Jiolojia ya Marekani inaitoa bure, ni nyepesi, kompyuta ya zamani inaiendesha, na ukishaisakinisha haihitaji intaneti. Umeme ukikatika hapa Sinza, Dar es Salaam, naendelea na kazi mpaka betri iishe.

Mimi naitumia kwa maji ya mashamba ya chumvi ya Kunduchi. Maji ya bahari yanaingia bwawani, jua linayakausha, chumvi inakolea, nami nataka kujua hewa ya ukaa kiasi gani inabaki imeyeyuka humo. Chumvi huifukuza. Ioni za sodiamu na kloridi hushikilia molekuli za maji, na gesi hukosa nafasi. Kwa nyuzi 25, chini ya atimosfia 1 ya hewa ya ukaa isiyochanganywa na gesi nyingine, kilo moja ya maji safi hubeba takriban moli 0.034 za gesi hiyo. Ukiweka moli 4 za chumvi ya kawaida, inabaki karibu nusu tu.

Hapo ndipo programu inapotaka akili yako, maana inakuja na kanzidata kadhaa, yaani faili za takwimu za kemia inazohesabia. Kwa visima, hata vile vya Kigamboni vyenye chumvichumvi, phreeqc.dat inatosha kabisa. Maji yakikolea kuliko bahari, hamia pitzer.dat, inayotumia milinganyo ya Pitzer kuhesabu jinsi ioni zinavyoathiriana zikisongamana. Nimeendesha sampuli zilezile kwa zote mbili: maji ya bahari hayaleti tofauti kubwa, lakini kwenye bwawa la mwisho, lenye magnesi nyingi, majibu ya pH (kipimo cha asidi) na kaboneti yanaachana waziwazi. Hapo naiamini Pitzer.

Kuandika faili la maagizo si kazi ngumu. Chini ya kichwa EQUILIBRIUM_PHASES, cha gesi na madini yanayosawazishwa na maji, unaandika CO2(g), kisha namba. Iangalie vizuri namba hiyo, kwa sababu ni logi (ya kizio 10) ya kanieneo la gesi, siyo kanieneo lenyewe: 0 ni atimosfia 1, 2 ni atimosfia 100, na hewa tunayovuta ni kama -3.4. Vijana wananiletea faili zimeandikwa 1 wakidhani ni atimosfia 1, kumbe wameomba 10.

Wanaoshughulika na kuzika hewa ya ukaa ardhini nao wamefikiriwa. Toleo la 3, la David Parkhurst na Tony Appelo, lililotoka 2013, linatumia mlinganyo wa Peng-Robinson, kwa hiyo gesi iliyobanwa sana haihesabiwi tena kama gesi kamilifu, ile ya kufikirika ambayo molekuli zake haziathiriani. Kumbuka tu kuandika na kanieneo la maji yenyewe.

Mwongozo ni mrefu na uko kwa Kiingereza, ila mifano yake inaendeshwa vilevile ilivyo, anza nayo. Naipa nyota 4 kati ya 5. Kinachoniudhi kweli ni kwamba pitzer.dat haina alumini, hivyo felspa (madini ya kawaida ya miamba) na madini mengi ya mfinyanzi yanabaki nje ya hesabu.