Boti ya lanchi (chakula cha mchana) Sydney: tulilipia kutazama mlango wa jikoni

Sijui nianzie wapi maana hasira bado haijanitoka. Yule mhudumu wa mlangoni, kijana tu, katuangalia mimi na mamangu toka juu mpaka chini halafu akauliza kama tuna hakika hii ndio boti yetu, ati feri za umma ziko magati ya kule. Nikamwonyesha tikiti kwenye simu, akaiskani, ikalia. Haya. Tukaingia, hata hatujaketi, huyo amekuja tena, naomba nione tikiti. Ile ile! Nikamwambia umeiskani mwenyewe sasa hivi. Akasema ni utaratibu tu.

Sasa sisemi ni ubaguzi, sitaki kumsingizia mtu, labda siku ile kaamka vibaya. Lakini mamangu alikuwa kavaa buibui lake na sweta juu kwa sababu Julai kule ni baridi ya upepo, na wale wazee wa kizungu waliokuwa nyuma yetu kwenye foleni hawakuulizwa chochote zaidi ya hali zao. Utaratibu gani huo unaochagua nguo?

Halafu meza. Nililipa zaidi ya dola mia kwa kila kichwa, kwenye tovuti picha zote ni watu wamekaa dirishani wanacheka, sisi tukawekwa kando ya mlango wa jikoni, kila dakika unafunguka unatupiga harufu ya mafuta. Meza za dirishani zilikuwepo tupu, nimeziona kwa macho yangu, nikauliza nikaambiwa zimehifadhiwa, na mpaka tunarudi gatini Circular Quay hakuna aliyezikalia. Samaki alikuwa mtamu, nikiwa mkweli. Lakini alikuja amepoa, sasa utamu wenyewe wa nini.

Ndugu zangu, Opera House, lile jumba maarufu la muziki kando ya maji, ilitupita hivi hivi. Ndio kitu pekee Mama alichokitaka Sydney nzima, tumetoka Perth masaa manne na ushee kwenye ndege kwa ajili yake! Utzon, yule Mdenmarki aliyeichora, aligombana na serikali akafunganya virago 1966, ikafunguliwa 1973 bila yeye na hakurudi kuiona mpaka anakufa. Sawa, yeye alikuwa mbali. Mimi nilikuwa pale pale, nimelipa, na nilichoona ni kijana anatoka na trei ya sahani chafu. Nikasimama niende nje na Mama tupige picha, yule yule mhudumu akanizuia, sitaha ya juu ni ya wenye tikiti za bei ya juu. Hapo nilipandwa na mori nikataka kupayuka, Mama akanishika mkono, "Mwanangu wacha, tusije tukatupwa majini."

Tuliposhuka nilikuwa niko tayari kurudi hotelini nilale. Mama ndiye aliyeona watu wanaingia feri ya umma ya kwenda Manly, kitongoji cha ufukweni, akauliza, na ile je? Ile unagonga kadi yako ya benki getini basi, hata robo ya pesa ya lanchi haifiki, na hakuna mtu anayekuuliza umetoka wapi. Tukakaa nje upande wa kulia. Opera House hiyo, karibu kabisa! Mama akashangaa mbona si nyeupe pepe kama kwenye picha, na kweli, vigae vyake zaidi ya milioni moja vingine ni vya rangi ya krimu, ukivisogelea ndio unaona. Nyuma yetu lile daraja la Harbour Bridge la 1932. Tukapita Fort Denison, kisiwa kidogo ambako zamani walikuwa wakiwatupa wafungwa kwa mkate na maji, nilipomweleza akasema afadhali wao mkate haupoi. Nilicheka mpaka machozi.

Pale bahari kuu inapoingilia kati ya vichwa viwili vya majabali feri ikaanza kuyumba, watalii wanapiga kelele, Mama ametulia tuli, mtu aliyevuka feri ya Likoni kwetu Mombasa maisha yake yote utamtisha na wimbi gani. Nusu saa hivi mko Manly. Tukala chipsi ufukweni, shakwe wakatuibia nusu, na hata hao walikuwa na adabu kuliko yule kijana.

Kwa hivyo Sydney msiiogope, mji mzuri, nendeni. Boti yenyewe nilikuwa niipe nyota mbili kwa sababu ya mama mmoja wa jikoni, mtu wa Ufilipino nadhani, aliyetuletea chai bila kuombwa akatuomba radhi kwa sauti ya chini. Lakini nilipowaandikia malalamiko wakanijibu wanathamini sana maoni yangu, na kuponi ya asilimia kumi nipande tena. Nipande tena! Mama kasharudi Mombasa na bado akinipigia ananiuliza yule kijana wamemfanya nini. Basi nyota moja, na ni ya ile chai.