Chuo cha kiinjili: kiishi kwa ada au kwa wakfu?

Juzi kwenye kibaraza cha kanisa hapa Masasi wazee walibishana: chuo kikuu cha kiinjili kiendeshwe kwa ada, au kwa mfuko wa wakfu na jasho la wanafunzi?

Ada ina uzuri wake, maana anayelipa ana haki ya kuuliza. Lakini mzee mmoja alitoa stakabadhi ya ghala, karatasi anayopewa mkulima akikabidhi korosho zake ghalani zisubiri kuuzwa, imekunjwa mara nne ndani ya kifuko cha nailoni. "Hii ndiyo ada ya mwanangu. Malipo yakichelewa, na yeye mtihani unampita." Msimu wa 2018 nani kausahau? Serikali ilitangaza shilingi 3,300 kwa kilo ya korosho, wengi wakasubiri fedha kwa miezi. Chuo cha ada tupu huishia kuwafuata wenye nacho, na mtoto wa mkulima, ambaye ndiye wito wenyewe, anabaki shambani.

Wakfu mtaji wake hauliwi, yanatumika mapato tu. Kule Missouri, Marekani, wanafunzi wa muda wote wa College of the Ozarks hufanya kazi saa 15 kwa wiki badala ya kulipa ada. Wakfu na michango hujazia. Tatizo, mfuko hujaa polepole, na mfadhili mkubwa anaweza kukivuta chuo kwake.

Mimi naelemea kwenye wakfu. Wazee walipendekeza shamba la mikorosho (korosho tena, jamani!), mimi ningeongeza nyumba za kupangisha Mtwara mjini, na hesabu zisomwe hadharani kama tunavyosomewa sadaka.